Chumba cha Shangazi Yenu

Kaeni, wanangu, na wewe kifungua mimba ondoa hiyo simu sikioni, maana nitakayosema leo sitayarudia, na pumzi niliyobaki nayo si ya kumsubiri mtu amalize mazungumzo na dalali wake. Huyo dalali ameniudhi. Jana kaingia humu na futi yake ya kupimia, akanizunguka kitandani kama anayezunguka kabati, halafu akaniomba nisogeze mguu apate urefu wa ukuta, nami mjinga nikausogeza. Maiti haulizwi sanda, lakini mimi bado sijawa maiti.

Nikamsikia akisema, "Vyumba viwili vya kulala, roshani pana, mtaa wa kale, hii haimalizi wiki mbili sokoni. Ila yule mama wa chumba cha pili atoke kwanza." Na wewe ukamjibu, "Shangazi atatoka, hana pa kukatalia." Binti yangu ulikuwa umesimama mlangoni, ukanyamaza. Kunyamaza nako ni kujibu.

Mtaa wa kale. Ngazi sitini na moja bila lifti, ofisi ya majengo inayokataza hata kubadilisha dirisha lililooza, na wageni wanaosimama chini kupiga picha nguo zetu zilizoanikwa. Miaka thelathini na minne nimewashonea watu mapazia kwenye roshani hiyo kwa sababu ndani hamna mwanga, baba yenu, alipokuwa hai, akitengeneza saa pembeni yangu, na fleti hii tuliinunua kwa mikono hiyo minne, kwa hiyo asinifundishe mtu thamani yake.

Sasa nisikilizeni habari ya shangazi yenu. Dharau mliyo nayo kwake najua mmeitoa wapi, mmeitoa kwangu. Ni mimi niliyewaambia kwamba alikuja hapa kwa kukosa pa kwenda, akatuganda kama kupe. Na ananichosha mpaka leo, sitawadanganya. Nikifunga dirisha, yeye analifungua. Mboga yangu anaionja huku amekunja uso. Na akianza kusimulia jambo, unaweza kupiga pasi nguo za wiki nzima kabla hajafika katikati. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hutafuna.

Ila kuna siku sikuwasimulia. Ilikuwa wiki moja baada ya kumzika baba yenu, nanyi wadogo nilikuwa nimewapeleka kwa mama yangu. Baba zenu wakubwa wawili walipanda hizo ngazi na fundi wa kubadilisha kitasa, wakasema nyumba ni ya ndugu yao, nibebe cherehani yangu nirudi kwetu. Shangazi yenu alikuja nao, kwa sababu alikuwa akiishi kwa yule mkubwa wao, akila chakula chake na kuvaa nguo zake, nami nikajua kaletwa kunifungashia vyombo. Akaketi kizingitini, mgongo kwenye mlango, akamwambia fundi, "Ukikitaka hicho kitasa, nitoboe mimi kwanza."

Kaka yake akamwambia, "Ukikaa hapo, kwangu usirudi."

"Basi niletee nguo zangu," akajibu.

Alikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri, fundi akachoka akaenda zake, na wale wawili wakateremka wakitukana. Nguo zake hazikuletwa. Gauni lake la kwanza humu ndani nililishona kwa kitambaa cha pazia la mteja. Hakuja kwa kukosa pa kwenda, wanangu. Alikosa pa kwenda kwa kuja.

Mbona sikuwaambia? Kiburi. Kuokolewa na wifi kulinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipoikunjia uso mboga yangu niliona hatudaiani.

Basi hati ziko kwa mwanasheria wa ghorofa ya chini, nimetia sahihi Jumatatu mkiwa mnazunguka na dalali. Fleti ni yenu wawili, sawa kwa sawa, lakini haiuzwi wala haipangishwi maadamu shangazi yenu anapumua. Chumba chake ni chake, na roshani ni yake. Anayekitaka hiki changu aje alale humu, apande ngazi na kikapu mkononi kama sisi. Cherehani ni ya binti. Na wewe usinune, ukinuna unafanana na baba yako mkubwa siku ile, na ule uso sikuupenda. Kamwombe shangazi yako radhi kabla hujatia kitu kinywani.

Maji... kidogo tu, yatosha. Nilikuwa wapi? Eh. Nimewakasirikia, lakini radhi yangu mnayo, yote, sikubakiza. Mungu awashikanishe. Awape umri, awape na watoto wasikivu kuliko... basi, awape watoto.

Binti yangu, kamwite shangazi yenu. Usimweleze sababu, ataanza kubisha huko huko. Kisha tokeni, mtuache wawili. Kuna neno moja nimemnyima miaka kumi na tisa, tangu siku ile ya kitasa, nami nataka alisikie... kwa sauti yangu mwenyewe. Nenda, mama. Usikawie.