Barafu ya Jua la Wesha

Kijiwe chetu cha Wesha hakina benchi. Kina friza bovu lililolazwa ubavu mbele ya jiko la kahawa la Mabruki, na juu yake hukaa watu wenye majibu ya kila swali. Asubuhi hiyo ya kipupwe hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kikombe. Himid, fundi wetu wa sola, alikuwa ametoka kwenye ile boti nyeupe ya kifahari iliyotia nanga mbele yetu, na mkononi ana kitu kimefunikwa kitambaa. Akakifunua. Bonge la barafu. Jenereta ya boti ilikuwa imezimwa tangu jana, friza lake linaendeshwa na sola ya Himid, na barafu ile ilikuwa ngumu kama jiwe.

Nilisisimka mwili, sioni haya kusema. Tukapokezana bonge lile mpaka vidole vikafa ganzi.

— Subhana Llah, alisema Mzee Mmanga, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Jua lino lino linalotubabua ndilo lililogandisha maji?

— Ndilo, Mzee, alijibu Himid. Vioo vinakamata jua, betri zinaweka, na kile kisanduku, inveta, inageuza.

Hapo Ahmada akapata pa kuingilia. Tunamwita Redio, maana akishawashwa hazimiki. Alisema kama inveta inageuza joto likawa baridi, basi hakuna isichoweza kugeuza. Ukiichovya baharini utachota maji ya kunywa. Mabruki akaongeza kwamba kahawa yake ikipitishwa humo itarudi buni.

— Na mzee akilala ubavuni mwake? aliuliza Mzee Mmanga, wala hakuwa akicheka.

— Utaamka barobaro, alijibu Redio. Ila usizidishe siku, tusije tukakunyonyesha.

Himid hakucheka pia. Mwenye boti alikuwa anakuja Alasiri kutoka Unguja. Akikuta barafu imeshika bila jenereta, Himid atapewa kazi ya kufunga sola kwenye boti zake nyengine mbili. Ikiyeyuka, ataletwa fundi wa Unguja abomoe kila kitu. Hilo lilituuma sote. Na jana, alisema Himid, baada ya Adhuhuri betri zilishuka ghafla. Alikagua waya mmoja mmoja asione kosa. Zikishuka leo tena, barafu haifiki Alasiri.

Redio alidhani ni samaki wanaolamba umeme chini ya boti. Mabruki alisema samaki hawana haja nao, hao ni majini wanachaji simu.

— Vioo umeviwekaje? aliuliza Mzee Mmanga.

— Kama nilivyovifunga juu ya paa la msikiti wa Kiuyu. Nimeviinamisha vikatazama Kibla, kaskazini, maana mwezi huu jua limekaa upande huo. Nimevikaza kwa nati, havitikisiki.

Mzee alifumba macho, akasema kumbe hata mashine, ili ifanye kazi, sharti ielekee Kibla. Redio akaitikia amina.

Ndipo akapita Bi Mwanawema anarudi mwambani na pweza wake, maji yameanza kujaa yakamfukuza. Tukaamkiana. Mzee Mmanga akamwonesha barafu, akamweleza ya betri na ya Kibla, naye akasikiliza huku anaitazama boti.

— Maji yalipokuwa yakitoka vilitazama Kibla, nimeviona, alisema. Sasa yanajaa, chombo kimegeuka. Vinatazama wapi?

Tuligeuza shingo. Boti ilikuwa imezunguka kwenye nanga yake, kama chombo chochote kinavyozunguka maji yakigeuka, tangu siye hatujazaliwa. Vioo vilikuwa vimeipa Kibla mgongo. Friza zima la watoto wa pwani, na hilo limetupita. Msikiti wa Kiuyu haugeuki, na sote tulikuwa tukiuwaza msikiti.

Himid alilitia bonge la barafu mikononi mwa Bi Mwanawema, akatoa spana mfukoni.

— Nakwenda kuvilaza, alisema. Vitazame juu tu. Huko juu hakugeuki.

Alasiri ilikuwa bado. Tuliacha kahawa zetu zinapoa, tukamfuata ufukweni kumsukumia mtumbwi, na Mzee Mmanga, kanzu ameikunja mpaka magotini, ndiye aliyesukuma kwa nguvu kuliko sote.