Marehemu Méthode Nzobonimpa na Barabara Iliyopita Jikoni

Familia ilikaa wiki hii kuamua nani aandike maisha ya Méthode, na kazi ikamwangukia dada yake Aurore, kwa kuwa ndiye aliyekuwa naye garini katika miaka yake mitatu ya mwisho. Walimwomba aandike kwa upole. Tarehe zote zimeandikwa kwa upole. Mengine yameandikwa jinsi yalivyokuwa, na asiyetaka kuyasikia anaweza kuangalia picha zilizo ukurasa wa nyuma, zimetoka vizuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Rumonge, kusini mwa Burundi, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Gracien na Mama Marie-Goretti, ambaye ameketi hapa mbele, benchi la kwanza. Mwaka uliofuata aliingia Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, ambako reli ya kwenda Mpanda ilipita karibu na mashamba ya mihogo. Huko ndiko Aurore alikozaliwa. Mchezo wa Méthode ulikuwa mmoja tu: treni. Yeye dereva, watoto wa jirani mabehewa, na Aurore, kwa kuwa mdogo, behewa la mwisho. Siku moja treni ilisimama kisimani kuchota maji, dereva akapiga honi ya mdomo, wakaondoka, behewa la mwisho likabaki linalia na kopo lake la maji. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba treni ilikuwa imechelewa. Alicharazwa. Tulipokuwa wakubwa tulikuwa tunacheka sana kisa hiki. Kwa muda fulani Aurore aliacha kucheka.

Alisoma shule ya msingi Katumba kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari ya bweni Tabora hadi 1992. Kwa ufadhili unaotolewa kwa wakimbizi alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1993 hadi 1997. Baada ya miaka miwili ya kazi ya reli Tabora, alipata nafasi ya shahada ya pili katika mipango ya uchukuzi, mjini Leeds, Uingereza, akaondoka Septemba 1999. Mama aliuza mbuzi ili amnunulie koti, na koti lenyewe, alivyosema baadaye, halikuzuia hata upepo wa uwanja wa ndege.

Kaskazini mwa Uingereza Méthode alifanya kazi miaka kumi na tatu katika ofisi ya mkoa, akipanga jinsi reli na barabara zitakavyosaidiana. Alikuta treni inafika mji mdogo asubuhi, na basi la kwenda vijijini limeshaondoka dakika chache kabla, kila siku, na hakuna aliyeona ajabu. Akalifanya basi lisubiri treni. Kulikuwa na mji bondeni ambao reli yake iling'olewa zamani, alipigania stesheni yao irudi mpaka ikarudi, na siku ya treni ya kwanza bibi mmoja alimletea keki akiwa analia. Jioni hiyo alipiga simu: "Mama, leo nimewarudishia watu stesheni yao!" Mama alitangaza habari hiyo jumuiya nzima, ingawa hakuwa na hakika stesheni ilikuwa imepelekwa wapi.

Alikuwa na sheria moja kwa vijana wa ofisini. Mtu asichore mstari kwenye ramani kabla hajatembea kwa miguu mahali mstari utakapopita, akaangalia nguo zilizoanikwa, akasikia nani anapika nini. Sheria nzuri. Tafadhali ikumbukeni, tutaihitaji mbele.

Tarehe 21 Julai 2001, mjini Leeds, alifunga ndoa takatifu na Lydiah, muuguzi kutoka Kenya, na mwaka 2003 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Sheldon. Lydiah alikuwa mke mwenye subira. Alivumilia mume aliyesimamisha harusi yake mwenyewe ili kuwaeleza wageni basi gani la kurudia nyumbani.

Mwaka 2013 walihamia hapa Texas, wakakaa Carrollton, pembeni mwa Dallas. Mama na Aurore walikuwa mji wa jirani, Garland, tangu 2007, walipoletwa Marekani kama wakimbizi. Kampuni ya ushauri ilimleta Méthode kuchora mipango ya treni kati ya Dallas na Houston, naye alikuja akicheka kama mtoto wa Katumba. Mpango wa kampuni hiyo ulikwama. Treni yake haikutoka kwenye karatasi, na badala ya kumfukuza wakampa barabara achore. Hakukataa. Alikuwa na mkopo wa nyumba, mtoto shuleni, na miaka iliyozidi arobaini. Aurore anayaandika haya kwa sababu Lydiah amemwomba ayaandike, na kwa sababu ni kweli.

Juni 2016 Aurore alinunua nyumba, Garland, mtaa wa Kingsbrook. Vyumba vitatu, jiko lenye dirisha linalotazama mashariki. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kununua nyumba baada ya kupikia chini ya turubai miaka hiyo yote. Kwa desturi yetu jambo kubwa halifanywi bila kaka mkubwa, kwa hiyo kabla ya kusaini alimpigia Méthode, akampa anwani na kumtumia picha. Akaomba atajiwe tena namba na mtaa.

"Ni nyumba nzuri," Méthode alisema.

Siku ya kubariki nyumba, padri alikuja, kwaya ilikuja, jirani Jean-de-Dieu alikuja na kreti mbili za bia. Anayetakiwa kuwa wa kwanza kuvuka mlango ni kaka. Tulimsubiri mpaka wali ukapoa. Alituma jokofu, jipya, kubwa, na salamu kwamba kazi imembana. Hakuja siku hiyo, wala Krismasi, wala siku yoyote.

Februari 2018 tuliitwa kwenye ukumbi wa parokia kuelezwa kuhusu upanuzi wa barabara. Ofisi ya barabara ilikuwa imetafuta mtu wa kuwaeleza Warundi kwa Kiswahili. Akaingia Méthode, amevaa tai, na ramani imekunjwa kwapani. Alipoikunjua, mtaa wa Kingsbrook ulikuwa umepakwa rangi nyekundu upande mmoja, yaani nyumba za kubomolewa.

"Ndugu zangu," alisema, "mkoa mzima utafaidika. Mstari hauchagui mtu."

Aurore alisimama. "Mstari hauchagui, sawa. Wewe uliyeushika? Ulijua?"

"Maswali ya mtu mmoja mmoja tutayajibu baadaye, dada."

Baadaye hiyo ilichukua karibu miaka minane. Nyumba ilibomolewa 2019. Aurore alilipwa, ndiyo, msimwulize tena baada ya misa, akarudi kupanga pamoja na Mama, na jokofu likabaki kwenye veranda kwa sababu halikuingia mlangoni. Tangu siku ile ya ukumbini hakumpa kaka yake mkono. Watu walimshauri. Katekista Alain alimshauri mara nyingi mpaka akaulizwa kama na yeye yuko tayari kupisha barabara.

Agosti 2022, miezi miwili baada ya barabara kufunguliwa, figo za Méthode zilishindwa. Sukari ilikuwa imeshamharibu macho, akawa anaona mwanga na vivuli tu. Alitakiwa kusafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na nafasi iliyopatikana ilikuwa kwenye kliniki moja ya Garland. Lydiah yuko zamu asubuhi, Sheldon anafanya kazi Sugar Land, na mwendo wa kutoka huko ni wa nusu siku. Ndugu wote walijiangalia viatu. Aurore, ambaye kazi yake ya kufua mashuka hotelini huanza mchana, akasema, "Nitampeleka mimi. Ila njia nachagua mimi."

Alichagua Kingsbrook. Hiyo siyo njia fupi. Ni ya kuzunguka, yenye taa nyingi, na kwa mtu aliyetumia maisha yake kuwafupishia wengine safari ilikuwa adhabu. Walipofika pale nyumba ilipokuwa, baada ya daraja la waenda kwa miguu, Aurore alikuwa anapunguza mwendo na kumtangazia kipofu wake: "Hapa mlangoni. Hapa sebuleni. Sasa tunapita jikoni." Njia ya kulia ya barabara mpya ndiyo iliyokuwa jikoni. Kisha anauliza, "Ulijua?" Méthode anageuza uso dirishani kama anayeona.

Sheldon alisafiri nao mara moja. Aliomba wapite barabara ya kulipia, akaona huu ni ukatili: "Auntie, please, just take the tollway. This is so mean."

"Ndiyo," Aurore alimjibu. "Funga mkanda."

Lydiah naye alimwambia, "Wifi, hiyo story inam-kill kuliko hata figo." Aurore aliendelea kupita Kingsbrook. Hakuwahi kuchelewa kumchukua, alimletea uji kwenye chupa, alimvalisha soksi, na alimchukia. Yote hayo yalikaa gari moja, na aliyewahi kuuguza ndugu yake hatashangaa.

Jumatano tarehe 5 Novemba mwaka huu walikuwa wanapita kama kawaida. Kabla Aurore hajafungua mdomo, Méthode, ambaye haoni kitu, akasema taratibu, "Sasa tunapita jikoni."

Aurore aliendelea kuendesha.

"Nilijua," Méthode akasema. "Ulivyonipa anwani nilijua. Nilichora mistari miwili. Mmoja ulipita kwenye maegesho ya maduka. Wakachagua wa nyumba, na mimi nikasaini. Kazi ilinifunga mdomo."

"Mdomo huohuo uliniambia nyumba ni nzuri."

"Ilikuwa nzuri. Niliiona kwenye picha tu. Ningekuja kwa miguu, mkono usingesaini. Ndiyo maana sikuja."

Aurore alipitiliza kona ya kwenda kliniki, na hapa Texas ukiikosa moja unakwenda mpaka ujute. Walifika kliniki wamechelewa, wakagombezwa wote wawili. Ijumaa yake Méthode aliuliza, "Aurore, juzi ulinisikia?" Akajibiwa, "Nilikusikia." Akafungwa mkanda, wakaondoka. Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, asubuhi, nyumbani kwake Carrollton, moyo wake ulisimama, Lydiah akiwa amemshika kichwa.

Marehemu ameacha mama yake Marie-Goretti, mjane wake Lydiah, mtoto wake Sheldon, na dada yake Aurore. Ameacha pia mji mmoja bondeni huko Uingereza ambako watu wanapanda treni bila kumjua, na mtaa mmoja wa Garland ambako watu wanamjua, baadhi yao wapo humu ndani na wengine hawakuja. Aurore hawalaumu.

Jibu ambalo marehemu alilisubiri tangu Jumatano ile ni hili. Hajasamehewa. Aurore alijaribu wiki nzima, ameshindwa, na hatadanganya mbele ya jeneza. Lakini tukitoka hapa, dereva wa gari la maiti alikuwa amepangiwa barabara kuu, njia fupi. Amebadilishiwa. Tutapita Kingsbrook. Mkishavuka daraja la waenda kwa miguu, washeni taa, kaeni njia ya kulia, mwende polepole. Anayepiga honi nyuma apige tu.

Kaka, pale ndipo mlangoni. Wa kwanza kuvuka alitakiwa awe wewe. Wali umepoa, lakini pita, karibu ndani. Ukishapita, Bwana akupe amani, upumzike.