Makarius Ndayikunda na Matairi ya Harusi

Tumekuja kumzika Babu yetu, Makarius Ndayikunda, fundi matairi wa Kasulu. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, Buhigwe. Shule aliishia darasa la nne, mwaka 1964, akaenda kuwa utingo kwenye lori la mahindi. Wanaosema alikuwa mbishi hawajakosea, ila leo wamseme taratibu, wajukuu tupo.

Mwaka 1977 alinunua pikapu ya miaka ya hamsini, yenye matairi membamba. Tarehe 9 Juni 1979, siku ya kumchukua Bibi Theodosia kwao Murungu, akataka gari lionekane refu. Mbele akafunga matairi makubwa ya lori dogo, akayajaza upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe. Yale membamba akayatupa nyuma kwenye bodi, shangazi zake wakayakalia.

Kwenda, alipigana na usukani kimya kimya. Kurudi, kwenye mteremko wa kwanza, matairi yakaanza kudunda kwenye kokoto, usukani ukamcheza mikononi, gari likachungulia mtaro. Bibi akashuka na shela lake, akakaa pembeni ya barabara. Wajomba wa Bibi, waliokuwa wakimsindikiza, wakasema harusi imeishia hapo, binti arudi nyumbani.

Babu akalaumu barabara. Bibi akamjibu, "Barabara ni hii hii. Juzi ulikuja na matairi madogo, gari lilinyooka. Mimi nimekubali kuolewa, sijakubali kufa."

Babu akafungua mdomo abishe. Shangazi yake Evaline alishateremka, anaviringisha tairi mpaka miguuni pake. "Vua koti, baba. Mke anaondoka huyo."

Akapiga jeki akiwa na shati la harusi. Akarudisha matairi membamba, akatoa upepo kidogo kidogo, anabonyeza kwa kidole gumba mpaka kulia na kushoto yakalingana. Akateremka mlima na gari peke yake kulijaribu, akapanda tena, mkono mmoja uko nje ya dirisha anapunga. Bibi akajifuta vumbi, akaingia. Vigelegele mpaka Kasulu.

Mwaka 1983 alifungua kibanda chake cha matairi. Alifundisha wengi: upepo ukizidi, tairi linagusa barabara kidogo na gari linayumba, ukipungua, usukani unakuwa mzito, upande mmoja ukizidi mwingine, gari linavuta. Dereva wa gari kuukuu akija na matairi makubwa ya kujionyesha, Babu alimfukuza: "Kampakie mkeo kwanza. Akikubali kupanda, rudi."

Mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Hata hospitali aliwaambia manesi kitanda chao cha magurudumu kinavuta kushoto, na kweli kilikuwa kinavuta. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, asubuhi, Bibi amemshika mkono.

Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na Bibi Theodosia, ambaye tangu siku ile ya Murungu hakushuka tena njiani.

Mungu akupokee, Babu. Lala vizuri, Bibi yuko na sisi.