Mama Povu na Upinde Uliotugombanisha

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mpika sabuni, katika nyumba iliyopakana na kiwanda. Alisoma shule ya msingi hapo mtaani, sekondari ya bweni, kisha fizikia chuo kikuu.

Mwaka 1976 aliajiriwa kwenye kituo cha darubini ya redio. Huko alikuta ramani ya anga yenye upinde mkubwa ajabu, ambao macho hayauoni ila mitambo ya redio huunasa. Tangu siku hiyo akawa na swali moja tu: umetoka wapi? Yeye alisema ni ukingo wa povu lililoachwa na nyota zilizolipuka hapa jirani, na wanafunzi wakambatiza Mama Povu. Mwenzake wa meza ya pili alishikilia kwamba upinde uko mbali sana, umetokana na mlipuko wa katikati ya galaksi yetu.

"Ukiona moshi jikoni kwako, utatafuta moto mtaa wa saba?" marehemu alimuuliza.

"Jirani akichoma taka, moshi wake hupiga hodi?" akajibiwa.

Wabishi hao walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980. Baba mkwe alidhani ndoa ingemaliza maneno. Masikini, hakuwajua. Walijaliwa mabinti watatu, na kila utafiti mpya ulipotoka, chumvi mezani iliombwa kupitia watoto.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na Mei mwaka huu akalazwa. Mumewe, kwa huruma, alimshika mkono akasema, "Haya, mama watoto, umeshinda. Upinde uko karibu."

Marehemu akafumbua macho. "Umepata vipimo vipya?"

"Hapana."

"Basi usinihonge. Nesi, mtoe huyu mzee, ananipandisha presha."

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, asubuhi, mzee huyo akiwa amesharudi kitini pake.

Ameacha mume, mabinti watatu na wajukuu watano. Binti mkubwa yuko upande wa mama, wa pili upande wa baba. Kitindamimba anauza vigae na ameomba asihusishwe.

Familia imemsihi mume, aliyeandika wasifu huu, akubali yaishe. Hawezi, marehemu angeinuka kumkaripia. Upinde uko mbali. Nasema uko mbali, mama watoto, na tangu Jumanne nasema peke yangu mezani, hakuna wa kunibishia, na ushindi wa namna hii siutaki.

Pumzika kwa amani. Vipimo nitaendelea kuvitafuta, na nikikuta ulikuwa sahihi, nitakuja hapa hapa kaburini kukuambia.