Zulma Haingii Majini Jumapili

Pale mtaa wa kanisani unapokata kona kwenda ufukweni, mkabala na kituo cha tramu, kuna benchi la mbao ambalo halmashauri iliwawekea abiria, na abiria hawajawahi kulikalia. Lina wenyewe. Ikifika saa nne asubuhi wenyewe wameshajaa, kila mmoja na kikombe cha kahawa kutoka kibanda cha Nelle na kibiskuti chake kwenye kisahani, na ole wake atakayekalia nafasi ya mwenzake. Kushoto hukaa Odiel, mvuvi mstaafu na kiongozi wa ushirika wa wavua uduvi kwa farasi wa kukokota nyavu. Kila mtu humwita Mwenyekiti, mkewe akiwemo. Katikati yuko Achiel, aliyeendesha tramu maisha yake yote na kusoma nusu ya kila gazeti lililosahauliwa kitini. Huyo ndiye Profesa. Kulia yuko Remi, fundi bomba wa zamani, anaitwa Bomba kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu akianza kutiririka hana wa kumziba. Mwanamke mwenye kikombe pale ni mmoja tu, Godelieve, na yeye hakai. Mkono mmoja una kahawa, mwingine una kamba, na mwisho wa kamba kuna farasi.

Farasi mwenyewe anaitwa Zulma, jike jekundu la kazi, mgongo mpana, miguu ya manyoya, mpole kuliko watu wote waliotajwa hapo juu. Mwezi Machi alikuwa anakokota wavu, maji yamemfika kifuani, mguu wa mbele wa kushoto ukatumbukia kwenye shimo. Watoto wa wageni huchimba mashimo ufukweni maji yakipwa, halafu huenda zao kula aiskrimu. Zulma alitoka majini kwa miguu mitatu. Daktari wa mifugo alikuja na kile kipimo cha picha wanachopimia wajawazito, akamwonyesha Godelieve kano ya nyuma ya kifundo ilivyochanika, kwa ndani, kama kamba iliyolika katikati huku nje inaonekana nzima. Akamwambia: kwanza apumzike zizini, kisha atembee kwa kamba, pole pole, kila wiki kidogo zaidi, kwenye ardhi ngumu iliyonyooka. Mchanga mwororo mwiko. Bahari mwiko hadi majani yatakapopukutika.

Ardhi ngumu iliyonyooka, katika kijiji kilichojengwa juu ya mchanga, ni moja tu: lami ya kando ya reli ya tramu. Basi kila asubuhi Godelieve huamka, akashika miguu yote miwili ya mbele kwa mgongo wa kiganja kulinganisha joto, na kama iko sawa anamtoa Zulma na kumtembeza barabarani. Kijiji kizima kinaona. Farasi wa uduvi anatembea lami wakati bahari iko pale, hatua chache tu, imejaa chumvi. Haijapata kutokea. Hata padri alimuuliza kama kuna shida nyumbani.

Asubuhi hiyo Bomba hakungoja hata salamu.

— Amechechemea huyo.

— Hajachechemea, — Godelieve alijibu. — Ameigeukia tramu.

— Nimemwona kwa macho yangu, dada.

— Macho yako yana miwani, na miwani iko mfukoni.

Profesa alicheka hadi biskuti ikamwangukia kahawani. Halafu akakumbuka kwamba yeye ni msomi, akajikohoza, akaeleza kwamba shida si mguu, shida ni lami. Alikuwa amesoma mahali fulani, ukurasa wa pili haukuwepo, kwamba mnyama aliyezoea chumvi akikosa chumvi kano zake hukauka. Akaona watu wanamsikiliza, akazidi kuongeza. Reli ya tramu ina umeme, na umeme hupanda kwa kupitia kwato. Yeye mwenyewe kaendesha tramu maisha yake yote, na tazameni magoti yake.

— Magoti yako yameliwa na uvivu, — Bomba alimwambia. — Mimi nawaambia kabichi. Majani ya kabichi, unayaponda, unamwaga pombe kali ya mreteni, unamfunga mguu usiku kucha. Samaki mkunje angali mbichi, na mguu ni hivyo hivyo.

— Methali hiyo ni ya kulea watoto, Bomba, — Profesa alimkosoa.

— Zulma si mtoto wake? Mbona anamlea kuliko alivyomlea mumewe?

Godelieve alicheka naye. Mumewe alishaondoka zamani, kwa heri na kwa mizigo yake yote, na hakuwahi kuhitaji kushikwa miguu asubuhi. Alimjibu Bomba kwamba kabichi Zulma angeila, na pombe angeinywa Bomba mwenyewe kabla haijafika mguuni.

Basi Bomba akafunguka kabisa. Kabichi ikawa udongo wa mfinyanzi. Udongo ukawa supu ya kome, ndoo nzima, kwa sababu kome hung'ang'ania mwamba na hawabanduki, na kano inatakiwa ijifunze tabia hiyo. Mwisho akafikia winchi ya pale wanapotengeneza mashua. Farasi afungwe mkanda tumboni, ainuliwe, aning'inizwe juu ya maji, miguu tu ndiyo iguse. Alikuwa ameshaanza kukadiria unene wa bomba la kushikilia mkanda. Profesa alipinga winchi kwa hoja moja tu, kwamba ina umeme.

Muda wote huo Odiel alikuwa amenyoosha miguu kukata njia nzima ya waenda kwa miguu, kikombe juu ya tumbo. Yeye hana haja ya kuongea haraka. Watu humngoja. Na Godelieve, aliyemjua tangu hajaota meno, maana Odiel ni mdogo wake baba yake, alijua kwamba upuuzi wote wa kabichi na winchi ulikuwa unapisha neno la huyu mmoja.

— Binti, — Odiel alisema hatimaye, — Jumapili ni sikukuu.

— Najua, ba'mdogo.

— Farasi wanashuka majini kwa mstari, msalaba mbele, bendi nyuma. Wageni watajaa hadi kwenye kuta. Na farasi mwaka huu ni wachache. Namtaka Zulma kwenye mstari.

— Zulma hawezi.

— Sheria unaijua. Mvuvi asiyeingia majini Jumapili ya sikukuu, na farasi wake yu hai, nafasi yake inapita. Anarudi kuwa mwanagenzi, abebe vikapu vya wenzake. Sikuitunga mimi. Walitunga wazee.

Kila aliyekaa pale alijua koti la manjano la uvuvi la Godelieve limepatikanaje. Tangu kuwapo kwa farasi na uduvi, wanawake wa kijiji hiki walichemsha, walimenya, waliuza, na walizika waume waliozama. Kuvaa koti na kupanda farasi ilikuwa kazi ya wanaume. Godelieve aliomba, akakataliwa, akaomba tena. Siku walipopiga kura, mkono wa Odiel ulikuwa miongoni mwa ile iliyosema hapana. Alipita kwa mkono mmoja tu uliozidi, na tangu siku hiyo hadi Zulma alipoumia hakuwahi kukosa bamvua hata moja, homa isiwe homa, baridi isiwe baridi.

Sasa kulirudisha koti kwa sababu ya shimo la mtoto. Ilimuuma, na hakuficha kwamba inamuuma. Kuna jambo lingine pia, ambalo hakuwaambia. Kila asubuhi maji yakipwa na harufu ya mwani ikipanda mtaani, Zulma aligeuza kichwa upande wa bahari na kusimama. Alitaka kwenda. Hakuna daktari anayeweza kumweleza farasi, na kumvuta kichwa kumrudisha barabarani ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za siku.

— Ba'mdogo, mchanga wa ufukweni ndio utakaommaliza. Kano bado changa. Daktari kasema.

— Daktari wa wapi? Wa mjini, anatibu paka. Mimi nakwambia bahari ndiyo daktari. Unasikia? Maji ya bahari hii yalitibu farasi kabla babu yake huyo daktari hajazaliwa.

Ndipo Odiel alipotoa hadithi ya Baron, na Baron kila mtu alimfahamu kwa sifa. Baron alikuwa dume jeusi la Odiel na kaka yake, yaani baba yake Godelieve, farasi aliyeweza kukokota nyavu mbili. Naye alichanika kano, mguu ule ule wa mbele. Hawakuita daktari. Walimtelemsha baharini asubuhi na jioni, majira ya baridi, maji ya kukata mifupa.

— Siku chache tu, binti. Siku chache, Baron akaacha kuchechemea. Anatembea kama bwana harusi. Nilimfunga wavu kwa mikono yangu hii, akaingia majini mbele ya farasi wote.

— Na Lisa, farasi wa mjomba wangu, hivyo hivyo, — Profesa alidakia. — Bahari, wiki moja, akawa mzima kama kigingi.

— Na yule kijivu wa nyumba ya pili, — Bomba alisema. — Aliingia majini anachechemea, alitoka anacheza.

— Wote, — Odiel alisema. — Mwulize yeyote. Wewe unamtembeza Zulma lami kama bibi anayepeleka mbwa kunya. Kijiji kinachekwa, binti. Penye wengi hapaharibiki neno.

Godelieve aliweka kikombe juu ya dirisha la kibanda cha Nelle. Hadithi ya Baron ameisikia tangu utotoni na hakuwahi kuitilia shaka. Alijiuliza, kwa mara ya kwanza tangu Machi, kama huyu daktari hajui kitu na kama yeye ni mkaidi tu.

Kulikuwa na mwanamume amesimama nyuma ya benchi, kofia ya sufu, mkoba wa mkate mkononi, akingoja tramu. Alikuwa amehamia chumba cha juu ya duka la mikate mwezi huo, na kwa kuwa alikuwa mgeni hakujua kwamba mazungumzo ya benchi lile hayadakiwi. Alikuwa amesikiliza kwa heshima, kama mtu anayetaka kujifunza mji. Akainama kidogo.

— Samahani, mzee wangu. Na huyo Baron, baada ya kufungwa wavu, alivua miaka mingapi?

Odiel alitazama kahawa yake.

— Baron, — alisema. Halafu hakusema zaidi.

Mgeni alidhani hakusikika. Akamgeukia Profesa kwa adabu ile ile, akamuuliza kuhusu Lisa. Profesa alianza kuipangusa biskuti kwenye suruali. Bomba, ambaye hajawahi kukosa neno tangu abatizwe, aliinama kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa.

Godelieve alikuwa anamtazama baba yake mdogo, na wakati anamtazama alikumbuka majira yale ya baridi. Alikuwa mdogo. Nyumbani kwa bibi kulikuwa na chungu kikubwa kuliko siku zote, nyama imepikwa kwa bia nyeusi na mikate iliyopakwa haradali, na kila nyumba ya mtaa ilipelekewa bakuli. Watu walikula na kusifu. Baba yake hakula. Alitoka akasimama uani kwenye baridi bila koti, na bibi akawaambia watoto wamwache. Kumbe aliyekuwa chunguni ni Baron, na maji yale ya barafu hayakutibu chochote. Yaliutia ganzi mguu, na farasi asiyesikia maumivu hachechemei, na asiyechechemea amepona. Basi mfunge wavu, hadi kano ikatike kabisa. Kijiji kizima kimekuwa kikiona farasi mzima pale ambapo palikuwa na farasi asiyesikia mguu wake, baba kwa mwana, na mwisho wa kila hadithi kikamla.

Angeweza kulisema. Odiel alimwinulia macho, akajua kwamba Godelieve ameshajua. Lakini mgeni yule alikuwa amekwisha kuuliza, na swali lilikuwa bado limekaa pale benchini katikati yao, halihitaji msaada wake.

Tramu ilifika, mgeni akaaga akapanda.

Godelieve aliinama, akapitisha mgongo wa kiganja juu ya kifundo cha kushoto, kisha cha kulia. Vilikuwa sawa. Akashika kamba.

— Jumapili, — alisema, — mtakapokuwa mnashuka na msalaba wenu na bendi yenu, mimi na Zulma tutakuwa hapa hapa kwenye lami, tunatembea. Na koti langu nitalivaa. Anayelitaka aje achukue mwenyewe, mbele ya wageni.

Harufu ya maji yaliyokupwa ilikuwa imeanza kupanda. Zulma aligeuza kichwa upande wa bahari, na Godelieve akamvuta taratibu, akimwambia subiri mama, subiri, hadi shingo ile nzito ikarudi barabarani. Wakaanza kwenda. Njia ilikuwa bado imekatwa na miguu ya Odiel iliyonyooshwa. Hakumwomba apishe. Alikwenda moja kwa moja, farasi nyuma yake, na Mwenyekiti akaikunja miguu yake chini ya benchi.