Kuya Honorio na Karatasi Iliyochanwa Ghala Namba Tatu

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Huo ndio muda ambao Honorio Ricafrente ameitumikia kampuni yetu, tangu Aprili 1994 hadi keshokutwa, Alhamisi tarehe 28 Agosti 2025, atakapokabidhi funguo za Ghala Namba Tatu hapa Bandari ya Jeddah na kupanda ndege ya Manila. Ninyi wa ofisi ya Riyadh mnamjua kwa sauti ya simu tu. Sisi wa Jeddah tunamjua kwa mwendo wake, maana anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha katoni.

Kalamu ya ukurasa huu wa Kiswahili katika kijitabu cha kumuaga nimepewa mimi, Griffins wa foklifti, ingawa shule niliiachia kidato cha pili. Wenye diploma walikuwepo. Walipoulizwa ni nani amemsikiliza Kuya kuliko wote, waliangalia viatu vyao. Na kwa mgeni asiyejua, kuya kwa lugha ya Wafilipino ni kaka mkubwa. Humu ghalani hata wazee wa Kipakistani wenye ndevu nyeupe wanamwita hivyo.

Alianza kama mfungaji mizigo. Baada ya miaka sita akawa karani wa kuhesabu, na tangu 2008 ndiye msimamizi wa ghala. Kwa muda wote huo hajapoteza katoni hata moja. Aliwahi kupata friji iliyokuwa imeandikwa kwamba haikuwahi kufika, akaipata kwa kunusa, eti boksi lililolowa maji ya bahari lina harufu yake. Mimi nimejaribu kunusa mwaka mzima. Nasikia harufu ya soksi za mlinzi wetu Zacharia tu.

Jambo ambalo wakaguzi kutoka Riyadh hawakulielewa ni majina ya njia zetu. Kwenye ramani ya kampuni njia kati ya rafu zina namba. Kwa Kuya zina majina: Manila, Cavite, Acapulco. Ukisikia mtu anaita kwenye redio, "Yalla, nitolee mashine kumi za kufulia kutoka Acapulco," usishtuke, yuko hatua arobaini kutoka ulipo. Mkaguzi mmoja alipotea humu nusu saa. Tulimkuta Cavite, amekaa juu ya boksi la feni, uso umetulia kama mtu aliyeota.

Majina hayo yalitokana na saa za jua. Kila kiangazi, kuanzia adhuhuri hadi saa tisa, kazi za nje zimekatazwa, na wapakuaji wote wa bandarini wanakimbilia ndani kwetu. Tunatandika maboksi yaliyokunjuliwa kati ya rafu na kulala chali. Mashine za baridi zinanguruma juu, mwanga unashuka kwenye vioo vya paa ukiwa na vumbi linaloelea, na Kuya anaanza stori. Sheria yake ni moja: kila mtu afumbe macho. Nanukuu maneno yake kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake na changu vikikutana hakuna anayeshinda.

"Mkiwa mmefumba macho, ghala linaondoka. Rafu zinakuwa misitu. Unaona wanaume wa visiwani wakipandishwa milimani kwa amri ya Mhispania, kila mwanamume siku arobaini kwa mwaka, kukata magogo ya merikebu kubwa kule Cavite. Gogo moja lavutwa na watu mia, wanaimba ili wasilale, na wengine wanalala wakiimba. Kisha merikebu inaelea, imejaa hariri ya Uchina, inavuka bahari kwenda Acapulco miezi na miezi, hadi waliomo ndani wanasahau kama nchi kavu ilikuwa kweli." Mara nyingi nimefumbua macho nikashangaa kuona sakafu haichezi.

Siku nyingine alitupeleka kwao, mji wa Oas, mkoa wa Albay, ambako mlima wa moto unaonekana ukiwa jikoni. Mwaka 1849 gavana wa Kihispania alichoka na watu wasio na majina ya ukoo. Akatoa kitabu cha majina na kurasa zake zikagawiwa miji. Oas walipewa herufi R. Ndiyo maana Kuya ni Ricafrente, jirani yake ana R, mchumba aliyemkataa ana R, na hata padri wao. Nilimwambia, "Kuya, kwenu mwalimu akiita majina, watoto wa R wanajibu, halafu shule inafungwa." Akacheka hadi kofia ya usalama ikadondoka. Kisha akaiokota. Akasema bibi mmoja wa ukoo wao alilia siku ile, kwa sababu jina alilopewa na mama yake halikuwa kwenye ukurasa wao.

Mhispania alikaa zaidi ya miaka mia tatu. Akaja Mmarekani, kwanza na bunduki, kisha na meli iliyojaa walimu. Nyanya yake Kuya alijifunza kuandika tufaha na theluji kabla ya kuviona. Tufaha alikuja kulionja akiwa mtu mzima. Theluji hakuwahi kuiona, ila kila akilala mchana alisema ameiota, na kwamba ni nyeupe na inanuka chaki. Halafu Mjapani, na mama yake Kuya akiwa binti mdogo anainama mbele ya askari kila anapokwenda kuchota maji. Bendera yao wenyewe ilipandishwa Julai 1946 naye anakaribia miaka kumi na mmoja.

Mama huyo yu hai. Stori zote tulizosikia zimetoka kwake, kwa simu, kila Ijumaa. Jumamosi hii anatimiza miaka tisini, na Kuya amemwahidi atakuwa mezani. Ahadi hiyo si ndogo. Baba yake alipofariki mwaka 1999, Kuya alikuwa hapa hapa bandarini, karatasi zake za ruhusa zikiwa Riyadh zinasubiri saini. Zilifika siku tisa baada ya mazishi. Tangu hapo anasema hatakosa siku ya mzazi mara ya pili kwa sababu ya kalamu ya mtu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka, lakini siwezi.

Stori tuliyoipenda sisi Wakenya wote wa ghala hili ni ya Agosti 1896. Kila Mfilipino mzima alipaswa kutembea na karatasi ya Mhispania, ya kodi na ya kumtambulisha, na asipokuwa nayo alikamatwa. Mwezi huo waliotaka uhuru walikusanyika nje ya Manila, wakazitoa mifukoni na kuzichana hadharani, vita vikaanza. Kuya alipoisimulia mara ya kwanza, niliamka kabisa. Baba wa babu yangu alivaa kipande, karatasi kama hiyo ya Mwingereza, shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kama kengele ya mbuzi. Hakuwahi kukichana. Nilitaka kumchania.

Kwa hiyo tukaamua, kabla Kuya hajaondoka, tumwigizie. Jumapili tarehe 17, saa za jua, njia ya Manila. Zacharia mlinzi akawa askari wa Kihispania, upanga wake fimbo ya ufagio. Mimi nikawa kiongozi wa waasi, na nani mwingine angekuwa? Kuya tukamlaza mbele kwenye maboksi mawili, heshima yake, amefumba macho kama sheria inavyotaka, aone kwa ndani. Karatasi za kuchana nilizizoa kwenye trei ya printa, zile chafu tunazoandikia nyuma.

"Toa karatasi yako, wewe!" Zacharia akanguruma.

"Hii hapa, bwana mkubwa," nikasema, "iangalie kwa mara ya mwisho!"

Nikachana. Moja, mbili, rundo zima, vipande vinne vinne, nikavirusha juu navyo vikashuka polepole kwenye ule mwanga. Jamani, ilipendeza. Hata wapakuaji wa Kibangali walipiga makofi. Kisha Zacharia akashusha ufagio.

"Griffins. Hiki kina muhuri wa buluu."

Ilikuwa fomu ya Kuya ya kumaliza kazi. Saini kumi na moja: za Jeddah alizikusanya wiki tatu, za Riyadh zilikuja asubuhi hiyo hiyo na lori. Aliiweka kwenye trei, uso chini, aitolee nakala baada ya saa tisa. Bila fomu hiyo kampuni haiombi viza ya kutoka. Bila viza hakuna ndege, na mezani Oas kiti kinabaki kitupu.

Kuya alifumbua macho. Akaangalia kipande, akaniangalia mimi.

"Endelea," akasema. "Hujasema maneno ya mwisho."

"Kuya..."

"Watu wameacha usingizi wao kukusikiliza. Malizia."

Nikamalizia. Nilipiga kelele za uhuru kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Kesho yake alfajiri tulipanda lori la Laban, dereva wetu wa Riyadh, vipande vikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Laban alinisema kuanzia Jeddah hadi ile barabara ya kuzunguka Makka ya sisi tusio Waislamu. "Yaani dunia nzima ina karatasi, wewe ukachana ya Kuya! Mkono wako ulikatwa kwenye mti gani?" Kuya alimwambia halas, aachane nami, akaegemea dirisha. Baada ya Taif jangwa lilifunguka pande zote, likitetemeka kwa joto hadi likawa maji, na nyuma ya maji kukawa na milima isiyokuwepo. Kuya aliongea amefumba macho. Alisema mama yake akianza stori za Mjapani huwa anafika kwenye kisima, siku moja ya mwaka 1944, halafu anabadilisha mazungumzo. Hilo moja hawezi kumwambia kwa simu. Amesema atamwambia uso kwa uso, akifika tisini. Laban aliacha kunisema. Tulikwenda hivyo saa nyingi, watu watatu tukielea kwenye bahari isiyo na maji.

Asubuhi iliyofuata tukawa ofisini Riyadh, mtaa wa Olaya, ghorofa ya kumi na nne. Pauline wa mapokezi, ambaye ndiye anayechapa kijitabu hiki, alipanga vile vipande mezani kama mtu anayevalisha maiti. Meneja akavitazama.

"Nani amefanya hivi? Itabidi tuchunguze. Wiki mbili."

Nilifungua mdomo. Kuya aliniwahi.

"Mimi, bosi."

"Wewe? Miaka thelathini na mmoja kazini?"

"Kwetu mwezi wa nane watu huchana karatasi. Ni desturi ya zamani."

Meneja hakucheka. Aliyekiri hachunguzwi, kwa hiyo fomu mpya ilitoka siku hiyo, na Pauline aliikimbiza meza kwa meza hadi saini za Riyadh zikatimia kabla ya alasiri. Za Jeddah zilipatikana kesho yake. Lakini kwenye faili la Kuya iliingia barua ya onyo, ya kuharibu nyaraka za kampuni, ya kwanza tangu 1994. Na mwenye onyo hapewi barua ya utumishi mwema anapostaafu.

Kwenye lifti nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ungekiri wewe, wangetaka kujua ulikuwa na nani, mlikuwa mnafanya nini, nani aliruhusu. Wiki mbili, kijana. Mama hana wiki mbili za kunipa. Barua ni karatasi."

"Lakini ile ya utumishi mwema ulikuwa umeniambia utaitundika ukutani kwa mama."

Akaangalia namba za ghorofa zikishuka. "Nitatundika kalenda."

Viza ya kutoka ilitolewa Jumapili. Imetoka, iko kwenye mfumo, na hakuna uchunguzi unaoweza kuirudisha. Nimeisubiri hiyo tu. Ninaomba sasa Pauline atafsiri sehemu hii kwa Kiingereza na Kiarabu, asipunguze neno, aiweke mbele ya meneja kabla ya keki ya kumuaga Kuya kukatwa.

Fomu ya Honorio Ricafrente niliichana mimi, Griffins Wandera, foklifti, Ghala Namba Tatu. Yeye alikuwa amelala chali amefumba macho. Zacharia alishika ufagio tu. Onyo hilo ni langu, lihamishwe kwenye faili langu, na mkitaka kumwita kafili, mdhamini wangu, mwiteni, nambari ya ikama, kibali changu cha kuishi hapa, Pauline anayo. Barua ya utumishi mwema ya Kuya iandikwe leo, iwe na muhuri, na apewe mkononi kabla hajaenda uwanja wa ndege. Nitaiwekea plastiki mimi mwenyewe, maana sistahili tena kuaminiwa na karatasi isiyofunikwa.

Kuya, najua utakasirika ukisomewa hapa, na utasema ulimi wangu umekuchelewesha. Haujakuchelewesha. Nimepiga hesabu ya siku.

Asante kwa Acapulco na Cavite. Asante kwa usingizi wote uliotupeleka mbali kuliko lori la Laban. Kaa mezani Jumamosi, mle keki, halafu wengine wakishalala usogeze kiti chako karibu na mama, ufumbe macho, akupeleke hadi kisimani. Miaka uliyobakiza iwe mirefu na myepesi, Kuya wetu, na isihitaji saini ya mtu yeyote.