Pikipiki Isiyo na Stendi

Wazazi wenzangu, sikieni yaliyomkuta mshonaji mmoja ndani ya basi. Mbele yake kijana alikuwa akimsifia muuguzi pikipiki yake mpya. "Ya mashindano hii, dada. Kiwanda kinawauzia hata watu binafsi kama sisi."

"Ina taa?"

"Tunashindana mchana."

"Na vioo?"

"Vya nini? Walio nyuma wameshashindwa!"

"Basi ukija wodini kwetu njoo na mto wako, vitanda vimejaa waliovunjika mifupa."

Kijana akacheka. "Haina hata stendi. Unaiegemeza ukutani tu."

Mshonaji akaruka kitini! Tangu Jumatatu pikipiki ya mwanawe imeegemea ukuta wa jiko, na mwanawe alimwambia stendi imekatika.

"Shusha! Narudi nyumbani!"

Basi likasimama. Muuguzi akauliza, "Mama, umefika?"

"Sijafika, mwanangu. Nimechelewa."